Miaka mitatu ya JROTC nyumbani kwangu: maoni ya mama aliyepita JKT Ruvu

Kila Jumanne usiku pasi ya nyumbani kwetu ina mwenyewe. Binti yangu anatandika blanketi juu ya meza ya chakula, ananyoosha shati la sare ya JROTC, somo la kadeti wa sekondari za Marekani, kisha anachukua rula na kupima. Tepe za nishani zikae juu ya mfuko wa kushoto, ziachane nao kwa moja ya nane ya inchi, tena katikati kabisa. Jumatano asubuhi anasimama mlangoni nimkague kabla basi la shule halijafika. Ukingo wa shati, ukingo wa chuma cha mkanda na mshono wa suruali lazima vishuke mstari mmoja ulionyooka. Wakati huo mimi ndiyo kwanza natoka zamu ya usiku, macho mazito, lakini namkagua kwelikweli, kwa sababu na mimi nilishakaguliwa.

Nilikaguliwa Ruvu, mkoa wa Pwani, mwaka 1993, nilipokwenda JKT, Jeshi la Kujenga Taifa la Tanzania, kwa mujibu wa sheria baada ya kidato cha sita. Tulikuwa miongoni mwa makuruta wa mwisho. Mwaka 1994 utaratibu ule ukasitishwa, ukaja kurejeshwa 2013. Kwa hiyo ninapoizungumzia programu hii ya kadeti wa sekondari hapa Houston, nina cha kuilinganisha nacho: mchakamchaka wa alfajiri, jembe, na sauti ya afande iliyokuwa inatuamsha kabla ya jogoo. Kina mama wenzangu wa Kitanzania na Kikongo wamekuwa wakiniuliza kanisani na kwenye vikao vya harusi, "Dada, ile ya jeshi shuleni, nimruhusu mtoto?" Nimejibu vipande vipande kwa miaka mitatu. Leo naandika yote.

JROTC (kifupi cha Junior Reserve Officers' Training Corps) ni somo. Linakaa kwenye ratiba kama hisabati, lina mazoezi na alama, ila wanaolifundisha ni wanajeshi wastaafu. Msingi wake ni sheria ya ulinzi ya mwaka 1916. Mwaka 1964 sheria nyingine ikalipanua, na baada ya ghasia za Los Angeles mwaka 1992 Jenerali Colin Powell, aliyekuwa mwenyekiti wa wakuu wa majeshi, akasukuma liongezwe zaidi kwenye shule za mijini. Leo liko katika shule zaidi ya 3,000 nchi nzima. Kikosi cha binti yangu ni cha Jeshi la Nchi Kavu, na dhamira iliyobandikwa ukutani mwa darasa lao ni kuwahamasisha vijana wawe raia bora. Neno askari halimo. Hakuna mkataba wowote wa kujiunga na jeshi. Mtoto anaweza kumaliza miaka yote minne akaenda zake kusomea uuguzi au ufundi umeme. Akiamua mwenyewe kuingia jeshini, miaka aliyosoma inaweza kumpa cheo cha kuanzia kilicho juu kidogo ya wenzake. Ni hivyo tu.

Sasa niseme jinsi tulivyoingia, maana hapo sikufurahi hata kidogo. Mwaka 2023 binti yangu alianza darasa la tisa, akarudi na ratiba yenye somo hilo ambalo hatukulichagua. Hapa Texas JROTC inaweza kuhesabiwa badala ya elimu ya viungo, na shule ikaona ni njia rahisi ya kupanga watoto. Hakuna aliyenipigia simu wala karatasi niliyotia saini. Nilikwenda shuleni na sare yangu ya kazini, nikakaa kwa mshauri wa wanafunzi mpaka akaniambia wazi kwamba mtoto anaweza kutolewa. Kumbe hatukuwa peke yetu. Mwishoni mwa 2022 gazeti la New York Times lilikuwa limeandika kuhusu shule za miji kama Detroit na Philadelphia ambako wanafunzi wengi waliingizwa kwenye programu hii bila kuomba. Ninalisema hili mapema kwa wazazi wanaosoma: ratiba ikija, isome somo kwa somo. Kumfundisha mtoto uraia kwa kuanza kumnyima hiari yake ni kosa, na nilimwambia hivyo yule mshauri.

Binti yangu ndiye aliyetaka abaki. Alisema, "Mama, niache wiki sita nione." Nikamwachia.

Mwaka wa kwanza ni kwata na vitabu. Kwata ninaijua, na nilifurahi kumwona mtoto aliyekuwa anaburuta miguu akijifunza kugeuka nyuma kwa hesabu. Jioni tulikuwa tunacheza sebuleni, mimi namwamuru kwa Kiswahili, mguu pande, mguu sawa, kulia geuka, naye anatafsiri kwa miguu. Lakini kwata peke yake haimfanyi mtu kiongozi. Ruvu nilijua wenzangu waliokanyaga chini vizuri kuliko wote na hawakuweza kusimamia zamu ya jikoni. Ningekuwa naandika maoni haya mwishoni mwa mwaka ule wa kwanza, ningesema ni somo zuri la nidhamu, basi.

Tofauti ilianza pale walipompa watu. Mwaka wa pili alipewa seksheni, watoto kumi wa darasa la tisa, na mwaka wa tatu akapewa stoo. Hapo ndipo penye uzito wa programu hii, na wazazi wengi hawapaoni kwa sababu kwenye sherehe wanaonyeshwa bendera na gwaride tu. Kikosi kinaendeshwa na watoto wenyewe. Kuna kamanda wa batalioni wa miaka kumi na saba, kuna wa utumishi, wa usalama, wa mafunzo, wa ugavi, wa habari, na kila mmoja anawajibika kweli. Wakufunzi wawili wamekaa pembeni. Mmoja ni meja mstaafu, mwingine sajini mstaafu, na huyo sajini ana kipaji cha kunyamaza, jambo ambalo sikulizoea kwa maafande.

Stoo yenyewe ni chumba kisicho na dirisha, rafu mpaka juu, harufu ya sabuni ya kufulia na rangi ya viatu. Kila kadeti anapewa sare bure, mashati, suruali, tai, kofia, mkanda, viatu, na kila kipande anakitilia saini, kwa kuwa ni mali ya serikali. Mwisho wa mwaka vinarudi vikiwa safi. Binti yangu alikabidhiwa funguo Septemba, na wiki hiyohiyo akahesabu. Daftari lilisema mikanda mingi kuliko iliyokuwapo kwenye rafu. Ilipungua 31. Kofia zilipungua 12.

Alirudi analia. "Mama, si mimi niliyepoteza, na sasa vyote viko kwa jina langu." Nilimkumbatia, ila sikumwambia aachie cheo. Nilimsimulia kuhusu sahani ya bati niliyopoteza Ruvu, na jinsi nilivyokula kwenye kifuniko cha sufuria wiki nzima mpaka nikajifunza kuandika jina langu kwa msumari. Kesho yake alikwenda kwa sajini. Yule mzee hakumpa jibu. Alimwambia, "Stoo ni yako. Ijumaa uniambie utafanya nini."

Alikaa siku tatu na karatasi. Akaandika majina yote ya mwaka uliopita kwa madarasa, akaweka sanduku la kadibodi nje ya mlango wa stoo, akatangaza kwamba atakayerudisha kitu ndani ya wiki mbili hataulizwa neno. Baada ya hapo akaanza kupiga simu. Nilimsikia chumbani kwake akizungumza na mvulana wa darasa la kumi na mbili, mrefu, mcheza mpira, aliyebaki na koti la sare kwa sababu alilipenda. Hakumpandishia sauti. Alimwambia, "Kuna mtoto wa darasa la tisa ana kipimo chako, na Jumatano atasimama kwenye ukaguzi bila koti." Akakaa kimya. Koti likaja Jumatatu, limefuliwa. Mikanda 26 ilirudi, na kofia zote isipokuwa moja. Kwa vilivyobaki alitakiwa aandike taarifa ya upotevu na kuitia saini yake mwenyewe, ukurasa mmoja, bila kumsingizia aliyemtangulia. Aliiandika mara nne. Niliisoma ile ya nne na nikajua mtoto huyu naweza kumwachia nyumba.

Hiki sikukipata JKT. Kule nilijifunza kuvumilia, na kuishi hanga moja, yaani bweni moja, na wasichana kutoka Kigoma, Mtwara na Pemba, kitu ambacho shule ya hapa haiwezi kumpa mtu. Utanzania wangu ulipikwa pale. Lakini sisi tuliongozwa. Binti yangu anaongoza, anakosea mbele ya watu, na Ijumaa anasimama kueleza.

Upande wa uraia nimeona mazuri na mabaya kwa pamoja.

Darasani, mafunzo ya uraia ni hafifu kuliko nilivyotarajia. Kuna masomo juu ya Katiba, haki na wajibu wa raia, lakini mara nyingi ni picha za kwenye ubao wa kioo na maswali ya kubofya. Kuna na kile kipimo cha rangi nne wanachoita Winning Colors, mtoto anaambiwa wewe ni kahawia, kijani, bluu au nyekundu kwa tabia. Sikuona kilimwongezea nini. Kuna siku binti yangu aliuliza swali zuri. Watu wa Puerto Rico ni raia wa Marekani tangu 1917, wanaingia jeshini, wanakufa vitani. Mbona wanaoishi kule hawampigii kura rais? Mkufunzi akasema tuendelee na somo. Aliniletea swali mezani. Tulitafuta pamoja, tukaona kwamba wajumbe wanaomchagua rais hutoka kwenye majimbo na jiji la Washington, na Puerto Rico si jimbo. Lile swali lilistahili kipindi kizima. Kama kuna kitu kimoja ningewaomba wakufunzi, ni wasiogope maswali ya namna hiyo, kwa sababu mtoto anayeuliza hivyo ndiye raia bora wa kwenye lile bango la ukutani.

Lakini uraia wa vitendo wanaufundisha vizuri sana. Julai 2024 kimbunga Beryl kilipita Houston, umeme ukakatika kwa wateja zaidi ya milioni 2, na sisi tulikaa siku sita kwenye joto lile. Kwenye jengo letu kuna wazee wengi wanaoishi peke yao. Shule zilipofunguliwa, kikosi kikachagua mradi wake wa mwaka wa huduma kwa jamii, na watoto wakaja na wazo la kugonga milango ya wazee na kuandika pamoja nao karatasi moja: dawa gani inahitaji jokofu, nani wa kupigiwa, kituo cha kupoza mwili kilicho karibu kiko wapi, nani hana wa kumpa lifti ya gari. Hawakupeleka msaada wa chakula kwa picha. Walikaa kwenye viti vya watu na kusikiliza. Binti yangu alitumwa kwa bibi mmoja Mkongo asiyejua Kiingereza, wakaongea Kiswahili, cha Bukavu na cha Dar, na alirudi akiniambia "bibi amenisahihisha mara mbili." Baadaye walisimama mbele ya wakaguzi wa programu wakaeleza walichofanya, kipi kilishindikana na watabadilisha nini. Wanaoeleza ni watoto, wakufunzi hawafungui mdomo.

Kisha lipo langu. Mwaka 2025 nilijiandaa kwa mtihani wa uraia, wakati ule maswali 100 ya kusoma, unaulizwa 10, unahitaji kupata 6. Mwalimu wangu alikuwa binti yangu, na kitabu chake cha kadeti kilikuwa pembeni ya sufuria ya maharage. "Mama, Katiba ina marekebisho mangapi?" Ishirini na saba. "Rais wa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza?" Woodrow Wilson. "Huyohuyo ndiye aliyetia saini sheria iliyotuletea JROTC," akaniambia, na tangu hapo sijawahi kumsahau. Tulipofika "taja haki moja ya raia peke yao", nilijibu kupiga kura katika uchaguzi wa shirikisho, kisha nikashindwa kuendelea. Tanzania hairuhusu uraia wa nchi mbili kwa mtu mzima, na nilijua ninachokiacha. Aliweka kitabu chini. Hakusema kitu cha kunifariji haraka. Aliniuliza, "Ruvu mlikuwa mnaimba nini asubuhi?" Nikamwimbia. Sijui kama ni JROTC iliyomfundisha kusubiri hivyo, lakini nimemwona akifanya vilevile na watoto wake kumi.

Kuna mambo mengine ambayo mzazi anatakiwa ayajue.

Gharama ni ndogo ila zipo. Vitabu na sare ni bure. Mimi nimelipia dobi wa koti mara chache, soksi nyeusi, na tiketi ya sherehe ya mwaka ambayo ilikuwa dola 55 pamoja na chakula.

Nywele. Niliogopa wangemwambia aondoe misuko. Mwaka 2021 Jeshi la Nchi Kavu lililegeza kanuni za nywele za wanawake, na misuko yake nadhifu haijawahi kumletea tabu. Kama mtoto wako ataambiwa vingine, omba aonyeshwe kanuni iliyoandikwa.

Bunduki. Kuna timu ya shabaha, wanatumia bunduki za upepo, umbali wa mita 10, na hakuna anayegusa mpaka apate asilimia 100 kwenye mtihani wa usalama na mzazi atie saini. Mwaka wa kwanza sikutia. Mwaka wa pili nilikwenda kuangalia, nikakaa saa nzima, nikaona jinsi anavyosimamia mstari yule sajini, nikatia. Usisaini kitu ambacho hujakwenda kukiona kwa macho yako.

Wasajili wa jeshi huja shuleni, hilo lipo hata kwenye shule zisizo na kadeti. Sheria ya shirikisho inampa mzazi haki ya kuandika shule isiwape jina na simu ya mtoto. Mimi niliandika, mistari mitatu, na hakuna aliyemchukia binti yangu kwa hilo.

Na hili nalisema kwa uzito wote, hasa kwa wenye mabinti. Mwaka 2022 New York Times ilieleza kwamba ndani ya miaka mitano wakufunzi wasiopungua 33 wa programu hii walikuwa wameshtakiwa kwa makosa ya kingono yaliyohusu wanafunzi. Nilisoma taarifa ile yote, usiku kazini, mgonjwa ninayemhudumia akiwa amelala. Asubuhi niliweka masharti na nikayapeleka shuleni mwenyewe. Hakuna kikao cha watu wawili mlango ukiwa umefungwa. Hakuna ujumbe wa simu wa faragha kati ya mkufunzi na mtoto. Kila ujumbe uende kwa kundi au mzazi awemo. Safari yoyote ya kulala nje, nataka jina la mwanamke mtu mzima anayelala upande wa wasichana. Meja aliyapokea bila kununa, akaniambia ndivyo wanavyotakiwa kufanya. Kikosi ambacho kingenuna ningemtoa mwanangu siku hiyohiyo, stoo au si stoo. Uniform safi na vyeo vya mabegani visikuzibe macho. Sisi tumelelewa kumheshimu mwenye gwanda, na heshima hiyo ni nzuri, lakini mtoto ni wako.

Kiangazi mwaka jana alikwenda kambi ya uongozi, siku chache tu, kamba za kuteremkia ukutani, dira porini, kulala kwenye mabweni na watoto wa shule nyingine. Alirudi amechomwa na jua, amepoteza sauti, na ameelewana na msichana mmoja mzaliwa wa Vietnam ambaye mpaka leo wanapigiana simu. Nilimuuliza chakula kilikuwaje. Akasema kibaya. Nikamwambia hapo ndipo JKT na JROTC zinapokutana.

Agosti hii anaingia mwaka wa nne. Ameomba mwenyewe, na safari hii karatasi ilikuja na nikaitia saini. Funguo za stoo ameshampa mvulana wa darasa la kumi, mpole, anayeogopa watu. Jana usiku nilipita mlangoni kwake nikielekea kazini, simu iko masikioni, daftari limefunguliwa mapajani. "Anza na mikanda," alikuwa anamwambia. "Hesabu mara mbili, na ya pili uhesabu kutoka chini kwenda juu. Ikipungua, usilie peke yako. Nipigie."